Mwezi Ndio Unaopanga Ratiba: Programu ya likizo ya sayansi ya bahari kwa vijana inavyoendeshwa

Matangazo ya programu za sayansi ya bahari kwa vijana hufanana: kijana amevaa miwani ya kuzamia, nyuma yake maji ya kijani, chini maneno machache ya kumkaribisha baharini. Mzazi akiliona tangazo hudhani ni matembezi ya ufukweni yaliyopewa jina la kisomi. Kijana hudhani ataogelea na kasa. Siku ya kwanza anakabidhiwa penseli, ubao na fremu ya mabomba ya plastiki, anaambiwa akadirie majani ya nyasi bahari. Wengine huvunjika moyo hapo hapo, na lawama ni ya waandaaji ambao hawakueleza mapema kazi yenyewe ni ipi.

Kazi yenyewe ni kupima kitu kilekile, mahali palepale, kwa namna ileile, mpaka namba za watu wawili tofauti zikubaliane. Hilo ndilo linalomjenga kijana kwa ajili ya maabara, kwa ajili ya meli, na kwa ajili ya ofisi ya uvuvi. Kuogelea kumo, kasa huenda akapita, lakini programu isiyofikia hatua hiyo ya namba kukubaliana haijamfundisha kijana sayansi, na cheti chake hakitamsaidia mbele ya mwajiri.

Tuchukue programu ya wiki tatu kwa vijana 12 wa sekondari katika pwani yetu, iwe Unguja, Tanga, Kilwa au Kwale.

Kwanza kalenda

Ulaya na Marekani programu hizi huwekwa kati ya Juni na Agosti kwa sababu ndipo maji yanapopata joto. Kwetu maji yana joto mwaka mzima, kwa hiyo kinachoamua ni pepo na mwezi. Shule za Tanzania hufunga Juni na Desemba. Za Kenya hufunga Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Juni na Agosti ni kusi, na upande wa mashariki wa visiwa hupata mawimbi na maji yaliyovurugika. Programu ya msimu huo itafute upande uliokingwa na upepo, kama magharibi mwa Unguja. Desemba kaskazi inaanza na bahari huwa na utulivu zaidi, ingawa mvua za vuli huweza kuingilia.

Baada ya pepo unakuja mwezi, na hapa ndipo programu nyingi hukosea. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kila baada ya siku 14 na robo tatu hivi. Siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4 Zanzibar, na Mombasa haiko mbali na hapo. Kati ya bamvua na bamvua ni maji mafu: bahari hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo, na sehemu kubwa ya tambarare ya mwamba haionekani kabisa.

Pwani yetu ina bahati moja ambayo wanasayansi wa kwingine wangeitamani. Bamvua hutokea jua, mwezi na dunia vikiwa kwenye mstari mmoja, kwa hiyo kwa mahali pamoja saa ya kupwa siku za bamvua haibadiliki sana mwaka mzima. Kwetu huangukia karibu na saa nne au saa tano asubuhi: mchana kweupe, kabla ya jua kali la utosi. Wakulima wa mwani wa Zanzibar, ambao wengi ni wanawake, wameendesha shughuli zao kwa saa hiyo tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza mwaka 1989. Kila siku inayofuata, kupwa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50.

Kwa hiyo wiki tatu zipangwe hivi: wiki ya kwanza iangukie maji mafu, ya pili bamvua, ya tatu maji mafu tena. Ya kwanza ni ya mafunzo nchi kavu na kuogelea, ya pili ni ya kupima, ya tatu ni ya takwimu na maandalizi ya kazi. Mwandaaji anayefungua programu siku ya bamvua kwa sababu tu ni Jumatatu huwapeleka baharini vijana ambao hawajashika fremu hata mara moja, akapoteza siku nne bora za mwezi.

Kwa nini kuanzia kwenye nyasi bahari

Matumbawe ndiyo yanayovutia, lakini hayamfai anayeanza. Hukua polepole mno, unyayo mmoja uliokosea huvunja kilichochukua miaka kukua, na kuyapima vizuri kunadai mtu anayeelea bila kugusa chochote huku akiandika. Nyasi bahari husamehe. Hupatikana mahali ambapo maji yakipwa yanabaki chini ya goti, na kanuni za kuzipima zinatumika katika nchi nyingi, kwa hiyo takwimu za vijana zinaweza kulinganishwa na za watu wengine.

Somo la kwanza ni kutenganisha majina, maana watu wengi huita kila kitu cha kijani baharini mwani. Mwani hauna mizizi ya kweli wala ua. Nyasi bahari ni mmea kamili: ina mizizi, shina linalotambaa chini ya mchanga, maua na mbegu. Ndiyo malisho ya nguva na kasa wa kijani, na ndimo tasi na changu wengi wanamokulia.

Kutambua aina kunahitaji siku mbili za mazoezi kwenye beseni. Majina ya kisayansi yanatisha, lakini dalili zake ni chache. Halophila ovalis ina majani ya duara dufu kama kidole gumba. Syringodium ina jani la mviringo kama tambi. Cymodocea rotundata na Cymodocea serrulata hufanana sana, na tofauti iko kwenye ncha: ya kwanza ni laini, ya pili ina meno madogo kama ya msumeno. Thalassia hemprichii ina vijistari vya hudhurungi kwenye jani na shina nene lenye makovu. Thalassodendron ina shina gumu kama mti, na majani yamekusanyika juu kama kifundo. Kosa la kila mara ni kutazama jani lililoliwa na samaki. Ncha haipo, kijana anabahatisha. Kanuni iwe moja: tafuta jani changa lenye ncha nzima, na lisipopatikana andika "haijulikani".

Fremu, tepu na penseli

Kila timu ya watu wanne ina fremu moja, tepu ya mita 50, ubao wa kuandikia, rula na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Tepu iwe ya nyuzi, kwani ya chuma huota kutu wiki hiyohiyo. Kalamu ya wino haifai. Penseli huandika hata kwenye plastiki iliyopigwa msasa.

Vijana watengeneze fremu wenyewe. Unahitaji mabomba manne ya plastiki ya nusu inchi, elbo nne na uzi wa nailoni. Kipimo kinachotakiwa ni sentimita 50 kwa 50 ndani ya fremu, na hapo ndipo wengi hukosea: wanakata mabomba ya sentimita 50, wanayachomeka kwenye elbo, na kwa ndani hawapati 50 kamili. Fremu ikitokea kuwa 54 kwa 54, eneo lake limezidi kwa zaidi ya asilimia 16. Asilimia ya majani haitaathirika sana, lakini hesabu ya jongoo bahari au konokono kwa mita ya mraba itadanganya. Pima kwa ndani baada ya kuunganisha, ndipo ugundishe. Toboa matundu kwenye mabomba ili yajae maji na fremu izame. Isiyotobolewa huelea na kuondoka na mkondo. Mwisho funga uzi kila sentimita 10, upate vyumba 25. Kila chumba ni asilimia 4 ya fremu, na ukadiriaji unakuwa hesabu badala ya bahati nasibu.

Siku ya kupima

Eneo ni mita 50 kwa 50. Inatandazwa mistari mitatu ya mita 50, iliyo sambamba, mita 25 kati ya mmoja na mwingine, kutoka upande wa pwani kuelekea kilindini. Kwenye kila mstari fremu inawekwa kila mita 5, kuanzia 0 hadi 50. Hizo ni fremu 11 kwa mstari, 33 kwa eneo. Timu tatu, kila moja mstari wake.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha ukiwa umesimama wima juu ya fremu, na kibao cha namba kikionekana. Kisha andika aina ya mchanga au tope. Halafu vijana wawili wanakadiria asilimia ya sehemu iliyofunikwa na nyasi, kila mmoja kimya, bila kusikia ya mwenzake. Wa tatu anaandika namba zote mbili. Wa nne anapima urefu wa majani: anashika fungu, anaacha yale marefu kupita kiasi, yaani kama asilimia 20 ya juu, anapima matatu kutoka mchangani hadi nchani. Mwisho wanaandika aina zilizopo, na kila moja ni sehemu gani ya majani yote.

Namba mbili zikitofautiana kwa zaidi ya 10, wanarudia kwa kuhesabu vyumba. Siku ya kwanza karibu kila mtu hukadiria juu mno, kwa sababu majani marefu hulala na kufunika mchanga ulio mtupu. Dawa yake ni kutazama moja kwa moja kutoka juu, na kuwa na picha za mfano za asilimia 5, 25, 50 na 80 kwenye ubao. Inafaa pia watu wabadilishane kazi kila baada ya fremu nne, la sivyo mwenye sauti kubwa ndiye anayekadiria na waliobaki wanaitikia.

Fremu 11 kwa dakika 8 kila moja ni dakika 88, na muda huo unaingia kwenye nafasi ambayo bahari inakupa. Timu isiyofanya mazoezi hutumia dakika 15 kwa fremu, yaani dakika 165, na hapo hesabu inagongana na maji yanayorudi. Ndiyo maana wiki ya kwanza hutumika kupima nyasi za kawaida kwenye uwanja wa mpira, fremu baada ya fremu, huku saa ikihesabu.

Maji yanaporudi

Bahari haijai kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti ya kujaa na kupwa kwa 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua ya mita 3.6, saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90. Ndani ya saa mbili maji yamepanda sentimita 90, ambayo kwa kijana mwenye urefu wa mita moja na nusu yanapita kiuno. Saa moja baadaye yamemzidi kimo.

Hatari iliyojificha iko nyuma. Sehemu nyingi za pwani yetu kati ya ufukwe na mwamba kuna mfereji ulio chini kuliko mahali pa kupimia. Mtu aliye mbele anaona bado maji ni ya kifundo cha mguu, kumbe alikopita kumeshajaa. Kwa hiyo timu iingie saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa, na ndani ya saa moja baada yake wote wawe wameshavuka mfereji, hata kama fremu tatu hazijapimwa. Mtu mmoja abaki ufukweni na filimbi na orodha ya majina, na kazi yake iwe hiyo tu.

Mambo mengine ya usalama ni mafupi lakini hayapunguziki. Viatu vya soli ngumu, kamwe si kandambili. Kwenye mchanga buruza miguu ili samaki aitwaye taa asikie na aondoke. Usiokote konokono mwenye umbo la pia, hata akiwa mzuri vipi, kwani wengine wana mwiba wenye sumu inayoua. Aliyechomwa na taa au samaki mwenye miba ya sumu, loweka mguu kwenye maji ya moto ya nyuzi 45 hivi kwa nusu saa hadi saa moja na nusu huku akipelekwa hospitali. Joto la maji lijaribiwe kwanza kwa mguu usioumia, kwa sababu wenye maumivu hauhisi unapoungua.

Vijana wengi waliozaliwa hatua chache kutoka baharini hawajui kuogelea, na wasichana ndio wengi zaidi. Wiki ya kwanza iwe na saa moja ya kuogelea kila siku, kwa mavazi ya heshima yanayokubalika na familia zao, na mwalimu wa kike kwa wasichana. Jambo hili likiachwa kana kwamba ni dogo, wasichana hubaki ufukweni wakishika mifuko, na programu inakuwa ya wavulana bila mtu kukusudia.

Kibali pia kitafutwe mapema: kwa sheha au serikali ya kijiji, kwa kamati ya wavuvi au kikundi cha kusimamia fukwe, na ikiwa eneo ni hifadhi, kwa mamlaka ya hifadhi. Akina mama wanaochokoa pweza wana njia na mashimo yao kwenye mwamba huo. Wao ndio wa kwanza kuulizwa mistari ipite wapi.

Takwimu zinavyoharibika mezani

Wiki ya tatu vijana wanaingiza namba kwenye Excel, na makosa ya hapa ni mengi kuliko ya majini. Kubwa ni kuacha nafasi wazi badala ya kuandika 0. Sifuri maana yake tumetazama, hakuna. Nafasi wazi maana yake hatukutazama. Fremu nne zenye 40, 0, 20 na 0 zina wastani wa 15. Sifuri zikiachwa wazi, kompyuta inagawa kwa mbili na kutoa 30, na nyasi zimeongezeka maradufu bila kuota hata moja.

La pili ni alama ya kutoa kwenye latitudo. Mji wa Zanzibar uko kwenye -6.16 na 39.19. Alama ikisahaulika, eneo la kupimia linahamia Ethiopia. La tatu ni tarehe: 03/07 ni tarehe tatu Julai kwa mmoja na tarehe saba Machi kwa kompyuta ya mwingine, basi andikeni mwaka, mwezi, siku. Na kila karatasi iliyotoka majini ipigwe picha siku ileile kabla ya kukauka na kujikunja.

Anayeingiza asiwe aliyeandika. Mmoja anasoma, mwingine anaandika, kisha wanabadilishana na kukagua mstari mmoja katika kila mitano. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayomtofautisha kijana aliyefunzwa na aliyetembezwa.

Kazi zilizo mbele

"Kazi za bahari" ni jina moja la njia nyingi zisizofanana, na vijana huziweka kapu moja. Mtafiti hupitia chuo kikuu: Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ipo tangu 1978, taasisi za utafiti wa uvuvi, KMFRI ya Kenya na TAFIRI ya Tanzania, zilianzishwa 1979 na 1980. Fundi na msimamizi wa uvuvi hupitia wakala wa elimu ya uvuvi, FETA, yenye kampasi Mbegani, Bagamoyo. Baharia hupitia chuo cha mabaharia kama DMI ya Dar es Salaam au Bandari Maritime Academy ya Mombasa. Njia hizi zinaachana mapema kuliko vijana wanavyodhani. Kwa kidato cha tano cha Tanzania, PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia, jiografia) humfungulia mtu baiolojia ya bahari. Anayetaka kuongoza meli anahitaji hisabati na fizikia, na aliyeziacha mapema hurudi nyuma kwa gharama.

Baharia ana masharti ambayo ni vizuri yajulikane akiwa bado na miaka 16. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia unakataza aliye chini ya umri huo kufanya kazi melini, na kazi za hatari ni mpaka 18. Mafunzo ya msingi ya STCW, mkataba wa kimataifa wa viwango vya mafunzo ya mabaharia, yanahusu kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama na wajibu wa mtu binafsi. Cheti cha afya cha aliye chini ya miaka 18 hudumu mwaka mmoja, wengine miwili. Na maafisa wa uongozaji meli hupimwa kama wanatofautisha rangi. Kipimo hicho kifanyike wakati wa programu. Kijana asiyetofautisha nyekundu na kijani ana haki ya kujua sasa, kabla mzazi hajauza shamba.

Kuna pia kazi zisizotangazwa sana ambazo zinafanana mno na alichofanya kijana kwenye fremu: mkusanya takwimu za samaki dikoni, mwangalizi wa uvuvi kwenye meli za jodari, askari wa hifadhi ya bahari, mpimaji wa mikoko. Gazi, kusini mwa Mombasa, mradi wa Mikoko Pamoja huuza hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko ya kijiji, na mapato yameingia kwenye maji na shule. Mradi wa namna hiyo hausimami bila watu wanaopima vipenyo vya miti kwa uaminifu mwaka hadi mwaka.

Wasifu wa kijana usiandikwe "nilishiriki kambi ya bahari". Uandikwe: "Nilipima nyasi bahari kwenye fremu 44 kwa siku nne, nikatambua aina tano, nikaingiza na kukagua takwimu kwenye Excel." Mwajiri akiuliza mlifanyaje makadirio yakitofautiana, ana jibu. Mazoezi ya mahojiano yajengwe juu ya maswali hayo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Barua ya mapendekezo itoke kwa aliyemwona kijana majini, itaje tarehe, na itaje alichofanya.

Jaribio la mwisho ni baraza la kijiji. Kila timu inapewa dakika tano mbele ya wavuvi na akina mama wa pweza, chati moja tu, bila neno la kisayansi lisiloelezwa. Wavuvi huuliza maswali magumu kuliko mwalimu yeyote: kwa nini mstari haukupita kule kunakovutwa kokoro, na mbona namba za upande wa kusini ni ndogo. Nakala iliyochapishwa ya takwimu ibaki ofisini kwa sheha au mwenyekiti.

Kilichobaki ni kuhakikisha kundi linalofuata litapima mahali palepale. Nondo zilizochimbiwa mchangani huibwa au hukata nyavu, na GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa. Wavuvi wana njia yao: mnara wa msikiti ukikaa sawa na mbuyu fulani, na nyumba ya bati ikikaa sawa na mnazi uliopinda, upo penyewe. Piga picha mistari hiyo miwili ukiwa umesimama kwenye mita 0, andika alama zote nne kwa majina, weka picha pamoja na takwimu.